Safari Bila Kiswahili: Maoni kuhusu Lugha ya Utalii, kwa Mifano ya Kibaha na Kisarawe

Neno safari ni miongoni mwa maneno machache ya Kiswahili yaliyopokewa na lugha nyingi za Ulaya bila kubadilishwa hata herufi moja. Afunguaye kamusi ya Kiingereza au ya Kijerumani hulikuta humo, likiwa limeandikwa kama linavyoandikwa Mlandizi. Maana yake, hata hivyo, siyo ile ya Mlandizi. Huko ni kwenda Afrika kutazama au kuwinda wanyamapori, kwa gari na hema, chini ya mwongozaji. Walimu wa lugha wamezoea kulitaja neno hili mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuwa ni ushahidi wa kuenea kwa Kiswahili duniani. Sifa hiyo ina upungufu mkubwa. Lugha iliyoipa biashara hiyo jina ndiyo ambayo biashara yenyewe haiitumii kufikiri, kueleza wala kufundisha. Na madhara ya hali hiyo hayaishii kwa mgeni, bali yanampata mwenyeji anayeishi kandokando ya njia za watalii.

Yafaa kwanza kutazama matumizi ya neno hili kwa wenyewe. Mzizi wake ni wa Kiarabu, s-f-r, na Kiswahili kimeujengea ukoo mpana: kusafiri, msafiri, msafara, usafiri, kusafirisha. Mtu wa Kisarawe akisema ana safari, msikilizaji hawazii simba. Huwazia msiba, harusi, hospitali, ada ya mtoto, au kikao cha kazi chenye masurufu yake. Kiswahili hutumia neno hilohilo kuhesabu nyakati: safari hii mvua zimechelewa, safari ijayo usije mikono mitupu. Anayekwenda kuwajulia hali ndugu zake huenda kutembea. Anayekwenda kutazama na kujifunza huenda kutalii. Hivyo lugha ilikuwa na vitenzi vitatu kwa mambo matatu, na Ulaya ikalichukua neno pana kuliko yote ili kulipa kazi finyu kuliko zote. (Anayeagiza Safari katika baa ya Mlandizi, bila shaka, hana nia ya kwenda popote.)

Uchukuzi huo wa neno una historia, na historia yenyewe imepita Uzaramo. Richard Burton, ambaye huhesabiwa miongoni mwa waandishi wa kwanza kulitumia neno safari katika Kiingereza, aliondoka Kaole pamoja na John Hanning Speke mwezi Juni 1857 na kufuata bonde la mto Kingani, ambao ndio Ruvu. Nchi waliyoanza kuipita ni ile ya Wazaramo, ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika wilaya za Kibaha na Kisarawe. Kwa hiyo neno lilidakwa njiani, kutoka vinywani mwa wapagazi, na katika vitabu vya wasafiri wa wakati ule lilikuwa bado na maana yake kamili. Safari ya Burton ilikuwa ni kazi, mizigo, homa, mapatano na ugomvi. Wanyama walikuwamo, lakini hawakuwa shabaha.

Pamoja na safari, vitabu hivyo vimejaa maneno mengine ya msafara, na mawili kati yake yanastahili kuangaliwa. La kwanza ni kirongozi, yule aliyetangulia mbele ya wapagazi akijua maji yalipo na mahali pa kulala. La pili ni hongo. Speke aliporudi mwaka 1860 pamoja na James Grant na kupita tena Uzaramo, aliandika kwa uchungu mwingi juu ya hongo iliyodaiwa na wakuu wa Wazaramo, ambao cheo chao kilikuwa pazi. Kwa Speke hiyo ilikuwa kero. Kwa pazi ilikuwa ni malipo halali ya kupita katika nchi yenye mwenyewe, kula vyakula vyake na kunywa maji ya visima vyake. Leo hongo maana yake ni rushwa tu, na hakuna mwanafunzi wa sekondari ya Kibaha anayejua kwamba neno hilo liliwahi kuwa na heshima. Wanaisimu huita badiliko hili uduni wa maana, yaani neno kushuka hadhi. Istilahi hiyo ni sahihi lakini haitoshi, kwani haisemi ni nani aliyelishusha. Neno lilishuka kwa sababu mamlaka ya pazi ilishushwa. Malipo ya kupita hayakukoma. Yalibadilika jina na mpokeaji. Mgeni wa leo hulipa kiingilio langoni mwa hifadhi kwa dola, raia hulipa kwa shilingi, na hapana anayeviita hongo.

Safari ya kifahari ya siku hizi hupita palepale alipopita mpagazi, ila kwa namna ambayo mwenyeji haihisi. Mfano ulio wazi ni treni ya anasa ya Rovos Rail, ambayo ilianza kuja Dar es Salaam kutoka Cape Town mwaka 1993. Abiria wake huvuka nyika kavu ya Karoo, husimama penye Maporomoko ya Victoria, huingia reli ya TAZARA huko Zambia, hupita katikati ya wanyama wa bonde la Rufiji, kisha huishia pwani. Kabla ya kufika mwisho, reli hiyo hupita Mzenga, wilayani Kisarawe. Pwani, jangwa na wanyama vimo katika tiketi moja, na muda wa safari ni wiki mbili hivi. Wengine huruka kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam hadi Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, wakiiona Kisarawe kama rangi ya kijani chini ya mbawa. Katika matangazo ya ziara za aina hii, iwe Serengeti, iwe Unguja, iwe kwenye matuta ya mchanga ya Namibia ambako Kiswahili hakikuwahi kuwa lugha ya wenyeji, neno safari halikosekani. Limegeuka kuwa alama ya bidhaa.

Maneno mengine ya Kiswahili yanayoruhusiwa kuingia katika bidhaa hiyo yanahesabika kwa vidole. Jambo, karibu, asante, pole pole, na hakuna matata, ambalo lilisambazwa na wimbo wa bendi ya Kenya mwaka 1982 kisha na filamu ya Marekani mwaka 1994. Salamu ya jambo ni kielelezo kizuri cha kinachotokea. Kiswahili husema hujambo, sijambo, hamjambo, hatujambo. Nafsi na ukanushi vimo ndani ya neno, na jibu humtaka mtu ajitaje. Jambo la kitalii limekatwa viambishi vyote. Halimwulizi mtu yeyote hali yake na halingoji jibu. Kusema kwamba ni Kiswahili rahisi kwa ajili ya wageni si kweli, maana mgeni anayeweza kukariri majina ya aina kumi za ndege kwa asubuhi moja hawezi kushindwa na hujambo. Kilichotakiwa ni sauti ya Kiswahili pasipo mazungumzo.

Mwisho wa mzunguko huo ni kwamba neno limerudi nyumbani likiwa na maana ya ugenini. Waongoza watalii husema wageni wameingia safari, wakimaanisha matembezi ya gari ya saa tatu, na vijana hutafuta kazi katika kampuni za safari. Hapana ubaya katika neno kurudi limebadilika. Lugha zote zimeona hayo. Ubaya huanza pale ambapo neno lililorudi linakuwa ndilo neno pekee ambalo mwenyeji analimiliki katika shughuli nzima.

Ili kuona ukubwa wa hasara, hapana haja ya kwenda Serengeti. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, iko jirani kabisa na Dar es Salaam, na ni mabaki ya misitu ya pwani ambayo ina viumbe wasiopatikana kwingineko kwa urahisi. Sayansi imeutia Pugu katika majina yake ya Kilatini: kuna mti uitwao Baphia puguensis na mwingine uitwao Millettia puguensis. Jina la kilima cha Uzaramo limo katika makumbusho ya mimea ya Ulaya, lakini mtoto wa shule iliyo chini ya kilima hichohicho hawezi kuitaja miti hiyo kwa lugha yoyote. Katika msitu huo yumo pia sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza. Kwa muda mrefu Waingereza walimwita kwa jina lenye maana ya kirukanjia mwenye mkonga. Uchunguzi wa vinasaba ulipoonyesha kwamba si wa ukoo huo, bali yu karibu zaidi na tembo, pelele na mhanga, mtaalamu Jonathan Kingdon alipendekeza mwaka 1997 aitwe sengi, neno lililotolewa katika lugha za Kibantu. Wataalamu wa dunia wakalikubali. Kwa hiyo leo mwanabiolojia wa California husema sengi bila kusita, hali mwanafunzi wa Kisarawe, akikutana na sange njiani, husema panya.

Mfano wa swala ni mbaya zaidi kwa kuwa unahusu wanyama wanaojulikana. Wawindaji na wafuata nyuki walitofautisha pofu, tandala, palahala, kuro, pongo, kongoni, funo na nsya, kila mmoja kwa jina, kwa nyayo na kwa mahali pake pa kulisha. Mwongoza watalii wa leo hutaja impala, neno la Kizulu, na eland, neno la Kiholanzi, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa chuoni na ndivyo kilivyoandikwa kitabu cha mgeni. Akigeuka kuwaeleza wanafunzi wa Kibaha waliopanda basi la shule, husema swala, swala mkubwa, na swala mwingine. Huko si kukosa msamiati kwa lugha. Msamiati upo, na mwingi umo katika kamusi. Kilichokosekana ni mahali pa kuusema. Neno lisilo na mahali pa kusemwa hufa likiwa kamusini, na Kizaramo, kilichokuwa kikikilisha Kiswahili cha huko kwa majina ya miti na wanyama, chenyewe kinazidi kuachwa na vijana.

Wapo watakaosema kwamba Serikali imefanya kazi kubwa ya kuunda istilahi za uhifadhi. Ni kweli, na baadhi ya istilahi hizo ni za kupendeza. Ushoroba, ambao asili yake ni kichochoro chembamba baina ya nyumba, umetwaliwa kuwa njia ya wanyama baina ya hifadhi na hifadhi, na tangu zilipotoka kanuni za mwaka 2018 kuhusu maeneo hayo neno limesikika hadi vijijini. Yeyote aliyelipendekeza aliijua lugha. Mbuga nayo, tambarare ya udongo mweusi inayotuama maji, imepanuka hata watu wakasema mbuga ya Mikumi, ingawa maofisa hupenda isemwe hifadhi. Kitalu, kilichokuwa ua wa mawe na baadaye mahali pa kuoteshea miche, sasa ni eneo la pori linalokodishwa kwa mwindaji mwenye fedha. Huenda aliyelichagua alitaka kuonyesha kwamba hapo pia kuna kupanda na kuvuna.

Istilahi inayotisha ni nyara. Katika Kiswahili cha miaka yote, nyara ni mateka ya vita, mali au watu waliochukuliwa kwa nguvu. Ndiyo maana hadi leo ndege hutekwa nyara. Mtafsiri wa sheria alipotafuta neno la kumbukumbu ya mwindaji, yaani pembe, ngozi au kipande cha nyama, alichagua nyara, na mnyama aliyekufa akawa nyara ya Serikali. Isidhaniwe kwamba alikosea. Neno la Kiingereza analolitafsiri linatokana na Kigiriki, na huko lilikuwa mnara wa silaha uliosimamishwa mahali adui alipogeukia kukimbia. Alitafsiri barabara. Lakini usahihi wake umefichua fikra ambayo Kiingereza kilikuwa kimeisahau: kwamba pori ni uwanja wa vita na kilichomo ni ngawira. Sasa mwanakijiji aliyenasa funo karibu na shamba lake husomewa shitaka la kukutwa na nyara za Serikali, na magazeti yamezoea kuandika habari za vifungo vya miaka 20 kwa kosa hilo. Huuliza, kwa haki ya lugha yake, vita hiyo ilipiganwa lini na kati ya nani. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 iliandikwa kwa Kiingereza. Mabadiliko ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama yametoa nafasi ya kulifikiria upya neno hilo, na nafasi hiyo isipotumiwa na wanaisimu itatumiwa na mashine za kutafsiri.

Katika eneo hilohilo la Rufiji, hata hivyo, wananchi wenyewe waliunda neno bila kungoja baraza lolote. Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, alitenga pori la akiba kando ya mto Rufiji mwaka 1896. Baadaye Waingereza walilikuza na kulipa jina la Frederick Selous, mwindaji aliyeuawa vitani huko Beho Beho mwezi Januari 1917. Wenyeji hawakulijali jina hilo. Waliliita shamba la bibi, kwa hadithi kwamba Kaizari wa Ujerumani alimzawadia mkewe pori hilo. Kama Kaizari alifanya hivyo au hakufanya si hoja ya isimu. Hoja ni kwamba msemo huo ulitoka porini ukaingia katika siasa, na leo Mtanzania akilalamika kuwa nchi imefanywa shamba la bibi, anakusudia mali isiyo na mlinzi ambayo kila apitaye huchuma. Hakuna istilahi ya kitaalamu kuhusu ardhi ya hifadhi iliyowahi kupata maisha marefu kama haya. Mwaka 2019 sehemu ya kaskazini ya pori hilo, kilometa za mraba 30,893, ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa na kupewa jina la Julius Nyerere, mtu ambaye katika miaka ya 1950 alikuwa mwalimu Pugu, mpakani mwa Kisarawe, na ambaye alimfanya Shakespeare aseme Kiswahili. Yeye huyo, mwezi Septemba 1961, alitoa huko Arusha tamko la kulinda wanyamapori, ambalo hadi sasa hunukuliwa kama msingi wa uhifadhi nchini. Lilitolewa kwa Kiingereza, mbele ya wageni waliotarajiwa kulipa gharama. Yamkini wakati ule hapakuwa na njia nyingine. Kuendelea hivyo baada ya miongo sita ni jambo jingine.

Pingamizi kubwa la wafanyabiashara linafahamika: mgeni ndiye mwenye dola, naye hajui Kiswahili. Pingamizi hilo lina uzito, na hapana anayedai kwamba Mjapani aelezwe tabia za chui kwa Kiswahili. Lakini linachukulia kwamba utalii una mteja mmoja. Shule za Kibaha na Kisarawe nazo ni wateja, na ndizo zenye watoto ambao kesho wataamua kama msitu wa Kazimzumbwi ukatwe kuwa mkaa au ubaki. Jumuiya ya SADC ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakipokea mwaka 2022. Mgeni kutoka Lubumbashi au Kampala naye ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Zaidi ya hayo, mwongozaji anayeifahamu elimu yake kwa lugha ya kukariri tu huwa mwongozaji dhaifu hata katika lugha hiyo ya kukariri. Kirongozi wa mwaka 1857 alikuwa na thamani kwa sababu alijua, wala si kwa sababu alitamka vizuri.

Pingamizi la pili hutoka katika idara za Kiswahili zenyewe, nalo halisemwi kwa sauti. Ni kwamba majina ya sange na funo si isimu. Isimu ni nadharia ya virai na ngeli. Matokeo yake ni tasnifu nyingi juu ya mofolojia ya kitenzi, hali wazee wa Maneromango na Vikumburu wanaojua kutofautisha miti kwa harufu ya gome wanazikwa na majina yake. TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kazi hiyo iliwahudumia walimu wengi. Kamusi ya viumbe wa misitu ya pwani, iliyokusanywa vijijini kwa Kiswahili na Kizaramo, ikiwa na jina la Kilatini mbele ya kila neno, ingegharimu pungufu ya usiku mmoja wa kundi dogo katika kambi ya kifahari.

Neno la kuiongoza kazi hiyo tayari lipo. Kutalii limetokana na mzizi wa Kiarabu wa kusoma kwa makini, mzizi uleule uliokipatia Kiswahili neno mtaala. Kwa mujibu wa lugha, mtalii ni msomaji. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada wanaweza kupanda basi la Kisarawe asubuhi na kuanza na vibao vya msitu wa Pugu, wakiandika vimesema nini, kwa lugha gani, na kwa nani.